Altezza AS200 kutoka oto kwenda manyuo: gereji tatu, bei tatu. Nilipe ipi?

Mkia_wa_Pweza
Wakuu salaam. Gari ni Altezza AS200, chesisi GXE10, injini 1G-FE, oto. Giaboksi imeanza kuteleza gia ya tatu na oili ikitolewa inanuka kuungua. Uamuzi wa kuhamia manyuo ya gia sita umeshapita, naomba tusiujadili sana. Ninachotaka ni namna ya kuamua bei.

Gereji ya Kinondoni: 5,200,000 kila kitu, siku tatu.
Gereji ya Tabata: ufundi 1,300,000, spea nanunua mwenyewe, siku tano.
Gereji ya Ilala: ufundi 600,000, "spea tutakuambia kadiri tunavyofungua."

Spea nimeziulizia Shaurimoyo. Giaboksi ya J160 (ndiyo manyuo ya gia sita) iliyotoka kwenye AS200, ikiwa na flaiwili na propela yake: 2,300,000. Fremu ya pedali, klachi masta ya juu na ya chini, na kontroli boksi (kompyuta ya injini) ya manyuo: 550,000. Klachi mpya seti nzima: 420,000.

Hizi bei tatu nazilinganishaje?

Spana17
Mkuu, hizo si bei tatu za kazi moja. Ni kazi tatu. Zivunje kwanza ndipo uzilinganishe.

Spea zako ni 2,300,000 + 550,000 + 420,000 = 3,270,000. Toa kwenye 5,200,000 ya Kinondoni, inabaki 1,930,000. Humo bado kuna vitu vidogo ambavyo hujavitaja na kila mtu husahau: sili ya nyuma ya krenki, beringi ndogo ya katikati ya krenki, boliti za flaiwili, sili za mbele na nyuma za giaboksi, mauntingi, mpira wa klachi, bushi za gia liva, oili ya gia, oili ya breki, viunganishi vya waya. Tenga 350,000 kwa hayo. Kinondoni anabaki na 1,580,000. Tabata anataka 1,300,000. Tofauti yao halisi ni 280,000, wala si hiyo inayoonekana kwa macho.

Kwa hiyo swali la kumuuliza wa Kinondoni ni moja: hiyo 280,000 inanunua nini? Jibu likiwa "giaboksi ikilia ndani ya miezi mitatu nashusha na kubadilisha kwa gharama yangu", na akaliandika, basi ni rahisi kuliko Tabata. Jibu likiwa "sisi ni wazoefu", basi hainunui kitu.

Huyo wa 600,000 usimweke kwenye hesabu kabisa. Aliyewahi kufanya kazi hii anajua orodha ya spea kabla ya kushika spana. Anayesema "tutakuambia" atakujifunzia juu ya gari lako, na kila siku atakutuma madukani Gerezani kutafuta spea.

Mkia_wa_Pweza
Asante mkuu. Lakini je, hiyo 1,300,000 yenyewe ni halali kwa ufundi tu? Nitajuaje?

Spana17
Kwa saa. Hesabu ya watu wawili wanaojua, gari likiwa juu ya lifti au shimo:

Kushusha propela, ekzosi, waya na giaboksi ya oto: saa 4 hadi 5.
Kutoa pedali ya oto, kulegeza shina la usukani na kufunga fremu yenye pedali tatu: 3 hadi 4.
Flaiwili, beringi ya krenki, sili na klachi: 2.
Kupandisha giaboksi, krosimemba (chuma kinachoibeba kwa chini), propela: 4.
Mabomba ya klachi na kutoa upepo: 1 hadi 2.
Waya na kontroli boksi: 4 hadi 6.
Gia liva, konsoli, testi: 3.

Jumla 21 hadi 26. Ukichukua 26, Tabata anakutoza 50,000 kwa saa, na Ilala kama 23,000. Siku tano za Tabata naziamini kuliko siku tatu za Kinondoni. Siku tatu zinawezekana pale tu ambapo hakuna boliti iliyokatika wala spea isiyoingia, na kwenye gari la mwaka 2000 hivi lipo moja kati ya hayo.

Kipimo kingine cha haraka: uliza kila gereji wanatoza ufundi kiasi gani kubadilisha klachi tu kwenye Altezza ambayo tayari ni manyuo. Ile kazi ni saa 5 au 6. Zidisha kwa nne. Gereji ikikuambia klachi ni 250,000, basi ufundi wa kuhamisha uwe karibu na 1,000,000, na waya ndizo zinaongeza. Ikikuambia klachi ni 250,000 halafu kuhamisha 2,500,000, hapo kuna pesa ya "mwenye Altezza ana hela".

BintiWaTemeke
Naongeza jambo ambalo wengi hawaulizi. Hiyo 5,200,000 ni pamoja na VAT au bila? Gereji iliyosajiliwa VAT ikikwambia bei bila kodi, asilimia 18 ya hiyo ni 936,000, unafika 6,136,000 siku ya kuchukua gari. Uliza mapema na udai risiti ya EFD. Bila risiti, hiyo garantii ya Spana17 utaidai kwa karatasi gani?

La pili: giaboksi yako ya oto, konveta (ile inayokaa kati ya injini na oto), propela ya zamani na kontroli boksi ya oto ni mali yako. Gereji nyingi huziacha "zimelala pale nyuma" na baada ya wiki hazipo. Ganda na vitu vya ndani vizima hununuliwa na mafundi wa oto hata kama gia ya tatu imekufa. Andika kwenye makubaliano kwamba unaondoka nazo, au gereji izinunue na kupunguza kwenye ufundi. Kinondoni wanaweza kuwa tayari wameshazihesabu kama faida yao bila kukwambia.

WayaNyekundu
Nazungumzia upande wa umeme tu, maana hapo ndipo kazi hizi hukwama gari likiwa limeshafungwa.

Kwanza, stata. Kwenye oto kuna swichi ubavuni mwa giaboksi inayoruhusu stata kuwaka kwenye P na N tu. Ukitoa giaboksi, mzunguko huo umekatika na gari haliwaki. Fundi mvivu huunganisha zile waya mbili nene moja kwa moja. Gari litawaka, ila litawaka hata likiwa kwenye gia, na siku mtoto akizungusha ufunguo linaruka. Zipitishe kwenye swichi ya pedali ya klachi, kama kiwandani. Fremu ya pedali ya manyuo kwa kawaida huja nayo, hakikisha haijang'olewa na muuzaji.

Pili, taa za rivasi. Zilikuwa zinapata umeme kupitia swichi ile ile. Sasa zipelekwe kwenye swichi ya rivasi iliyopo kwenye giaboksi mpya. Swichi hiyo ipimwe kwa mita kabla giaboksi haijapanda. Ikiwa juu, kuifikia ni kazi.

Tatu, ufunguo. Oto nyingi za Toyota zina kifunga umeme kinachozuia ufunguo kutoka mpaka liva iwe P. Ukitoa liva ya oto bila kushughulikia hilo, ufunguo unagoma kutoka. Ni kazi ya nusu saa ikifikiriwa mapema.

Nne, kontroli boksi. Ile ya oto inatafuta solenoidi (vali za umeme) za giaboksi, haizioni, inawasha taa ya injini na inaandika makosa. Wapo wanaofunga vipingamizi vya umeme ili kuidanganya. Taa itazima, lakini kompyuta bado inadhani ina oto, na sailensa (mzunguko wa injini bila mafuta) inaweza kuyumba unapokanyaga klachi. Nunua ya manyuo, ya injini hiyo hiyo, na namba ya kibandiko ilingane na gari la aina yako. Kama gari lina kinga ya ufunguo, kontroli boksi ya gari jingine haitawasha hadi ioanishwe na ufunguo wako. Hilo ulijue kabla ya kulipa, na umtake muuzaji akupe ufunguo wake kama upo.

Fundi umeme alipwe kando na kwa jina lake. Ukimwachia fundi wa giaboksi "amalizie na waya", utapata teipu nyeusi na sala.

MzeeWaDifu
Vijana mmesahau difu. Fungua boneti usome kibati cha chesisi, mstari wa TRANS/AXLE. Kinakupa namba ya giaboksi na namba ya difu. Chukua na namba ya gari lililotoa hiyo J160. Zikitofautiana, manyuo itafanya kazi, ila mzunguko wa injini kwenye gia ya sita hautakuwa ule wa kiwandani, na spidomita ipimwe upya kwa GPS ya simu. Haina ulazima wa kubadilisha siku hiyo hiyo. Ila mtu akikuuzia "seti kamili" na difu haimo, isiitwe kamili.

Na propela isikatwe. Giaboksi hizi mbili hazina urefu mmoja, hivyo propela ya oto haiingii. Ukiambiwa "tutaikata tuichomelee", uliza mashine ya kubalansi iko wapi. Propela iliyochomelewa bila kubalansiwa huanza kutetemesha sakafu ukifika 80, kisha inakula beringi ya katikati, kisha sili ya nyuma ya giaboksi. Umebakiza laki moja, umepoteza tatu.

Kidau
Swali la pembeni wakuu: nimeona nosikati (nusu ya mbele ya gari lililokatwa) ya AS200 manyuo inauzwa nzima. Si nafuu kuliko kuokota kimoja kimoja?

Spana17
Kidau, inategemea imekatwa wapi. Nosikati huwa na injini, giaboksi, pedali, waya na kontroli boksi, na hizo za waya na pedali ndizo zenye thamani kwa sababu zinatoka gari moja na zinafanana plagi kwa plagi. Lakini propela, difu na mara nyingi krosimemba hubaki kwenye nusu ya nyuma. Na unabaki na injini ya ziada ya kuuza. Mwenye nafasi ya kuuza aichukue. Asiye na nafasi ataiangalia ikiota kutu uani.

Tahadhari ya muhimu kwa mwenye uzi: muuzaji akikuambia "J160 ni J160", akimaanisha ya RS200, ile Altezza nyingine, kataa. RS200 ina injini ya 3S-GE, na uso wa kufunga giaboksi wa 3S haulingani na wa 1G. Boliti hazitakutana. Jina la giaboksi ni moja, ganda la mbele si moja.

Mkia_wa_Pweza
Hapo umeniokoa mkuu, maana mmoja alinipa bei ya chini akisema inatoka RS200. Giaboksi ya mtumba nikiwa dukani naikaguaje?

Spana17
Ikiwa chini, bila haraka:

Fungua tundu la chini, toa oili kidogo kwenye kopo jeupe. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ni kawaida. Vipande vinavyoshikika kwa kucha ni meno au beringi, ondoka.

Shika shafti ya mbele, itikise juu na chini. Kuchezacheza kidogo sana kupo. Ikigonga, beringi ya mbele imekwisha. Izungushe kwa mkono gia ikiwa huru, sikiliza. Mchakarisho maana yake ni ile ile.

Funga gia zote sita na rivasi kwa liva, na kila gia zungusha shafti ya mbele utazame ya nyuma inavyoitikia. Sinkroni (ringi zinazolainisha kuingia kwa gia) huwezi kuzipima mezani, hapo ndipo garantii ya muuzaji inapohitajika. Kwenye barabara, sinkroni iliyokufa utaijua ukishuka kutoka ya tatu kwenda ya pili: inakwaruza.

Tazama masikio ya ganda la mbele, pale boliti zinapopita. Sikio lililopasuka na kuchomelewa ni giaboksi iliyowahi kuvutwa kwa boliti.

Kisha piga alama ya rangi yako mahali pa siri, piga picha namba, na risiti iandikwe namba hiyo pamoja na muda wa kurudisha. Wengi hukubali kubadilisha na si kurudisha fedha. Sawa, lakini muda uhesabiwe kuanzia siku gari linapotembea. Ukihesabiwa tangu siku ya kununua, utaisha giaboksi ikiwa bado iko sakafuni kwa fundi.

BintiWaTemeke
Na hapo ndipo ubaya wa kununua spea mwenyewe ulipo. Giaboksi ikilia, fundi atasema spea mbovu, muuzaji atasema fundi kafunga vibaya. Ufundi wa kushusha na kupandisha mara ya pili analipa nani? Ukienda Tabata, hilo liandikwe: spea ikiwa mbovu, ufundi wa mara ya pili ni nusu ya bei ya klachi. Ukiwa nalo kwenye karatasi, 1,300,000 inakuwa bei. Bila hilo ni mwanzo wa bei.

Spana17
Kweli kabisa dada. Sasa nieleze jinsi fundi anavyoweza kuiua spea nzima, ili mwenye gari ajue nini cha kutazama akipita gereji.

Giaboksi isining'inie kwenye shafti yake. Wakipandisha kwa mikono na kuiacha ikae kwenye meno ya klachi pleti wakati wanatafuta boliti, kitovu cha pleti kinapinda. Matokeo: klachi haiachii vizuri, gia ya kwanza na rivasi zinagoma, na kila mtu analaumu klachi masta. Jeki ya giaboksi iwepo, na klachi pleti ilengwe katikati kwa kifaa chake kabla presha pleti haijakazwa.

Pini mbili za kulenga kati ya injini na giaboksi ziwepo. Hupotea wakati wa kushusha oto. Zikikosekana, giaboksi inakaa upande kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, beringi ya mbele inakufa mapema.

Ganda likaribie injini kwa mkono mpaka ligusane. Likibaki na uwazi wa kidole wakaanza kuvuta kwa boliti, sikio linapasuka.

Krenki ya injini iliyozaliwa oto haina ile beringi ndogo ya katikati. Ipimwe tundu, iwekwe mpya. Wakisahau, shafti inacheza na utasikia mlio ukikanyaga klachi.

Boliti za pleti ya oto zisirudishwe kwenye flaiwili. Flaiwili ni nene zaidi, boliti zinashika nyuzi chache. Zikazwe kwa msalaba, kwa tokirenchi (spana inayopima nguvu ya kukaza).

Flaiwili ya mtumba ikerezwe kidogo kama ina madoa ya bluu au nyufa. Kama ni ya vipande viwili vyenye springi ndani, haikerezwi. Ikicheza sana hubadilishwa.

Klachi pleti ina upande wa injini na upande wa giaboksi. Huandikwa. Ikigeuzwa, klachi haiachii hata utoe upepo siku nzima.

Na mabomba mawili ya kupoza oili ya oto yaliyo chini ya rejeta yazibwe vizuri. Hiyo ni dakika tano, ila nimetaja kwa sababu yakiachwa wazi vumbi linaingia na siku ukirudisha oto au kuuza rejeta imeharibika.

Kidau
Oili gani wakuu? Kuna fundi anaweka ATF (oili ya oto) ile ile iliyobaki.

MzeeWaDifu
75W-90 ya giaboksi, si ATF. Ijazwe gari likiwa limelala sawasawa mpaka ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia. Na fundi afungue boliti ya kujazia kwanza ndipo ya kutolea. Ukitoa oili halafu ya kujazia ikagoma kufunguka, umekwama.

Mkia_wa_Pweza
Malipo je? Kinondoni wanataka asilimia 70 mbele.

Spana17
Asilimia 70 mbele ni kwa sababu wananunua spea kwa pesa yako. Inaeleweka, lakini basi spea uzione kabla hazijafungwa, namba na picha. Ufundi usilipwe mbele.

Kwa Tabata, 1,300,000 igawe hivi: 300,000 oto ikiwa chini na umekabidhiwa. 600,000 gari likiwaka na kuingia gia zote, taa za rivasi zikiwaka na taa ya injini imezima. 400,000 baada ya kilomita 200. Testi usiifanye kwenye foleni ya Mwenge, hapo utapima klachi tu. Nenda Kimara hadi Kibaha: gia zote, kupunguza kutoka ya tatu kwenda ya pili, mtetemo wa propela pale mwendo unaporuhusu, kisha rudi utazame chini kama kuna tone. Klachi mpya isifanyiwe fujo kilomita 500 za kwanza.

Jahazi_Bovu
Samahani kuingilia. Mimi nina Mark II GX110, injini hiyo hiyo 1G-FE ya VVT-i. Bei hizi zinanihusu?

MzeeWaDifu
Ufundi unakuhusu, spea si zote. Giaboksi itakaa kwenye injini. Propela, krosimemba na mahali liva inapochomoza ni vya body nyingine, vipimwe. Ongeza pesa ya propela na siku mbili. Na gereji isiyopima kabla ya kukupa bei, usiiachie gari.

Mkia_wa_Pweza
Wakuu, nimewapigia. Kinondoni: VAT haimo, garantii mwezi mmoja "kwa makosa yetu tu", giaboksi ya zamani inabaki kwao. Tabata: klachi ya Altezza wanatoza 280,000, kwa hiyo mara nne ni 1,120,000. Wamekubali 1,200,000 pamoja na fundi umeme, malipo kwa awamu tatu, na ufundi wa mara ya pili 140,000 spea ikiwa mbovu. Oto naondoka nayo. Naelekea huko.

WayaNyekundu
Mkuu, kabla hujaelekea: 1,200,000 "pamoja na fundi umeme", fundi umeme huyo ni wa pale pale au wanamwita? Wakimwita, awamu ya pili usiitoe mpaka yeye mwenyewe awepo na mita mkononi. Na uwaambie waya za oto wasizikate. Wazifunge na kuziacha ndani ya konsoli zikiwa na plagi zake.

Mkia_wa_Pweza
Wanamwita. Naandika hilo kwenye karatasi sasa hivi.